Maswali yenu: Matao ya mawe ya Wadi Rum, nani apande na nani abaki kwenye pikapu

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi tupo Maskat, mwezi wa 11 tunataka kwenda Yordani kuona yale matao ya mawe ya Wadi Rum, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tukikodi gari Aqaba naweza kuendesha mwenyewe mpaka kwenye matao? Na tao gani tusilikose? (Msomaji, Maskat)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yetu. Kuendesha mwenyewe mpaka kijiji cha Rum sawa, ni kama kilomita 60 kutoka Aqaba, ila lami inaishia hapohapo, mbele ni mchanga, na kuna sehemu laini kiasi kwamba hata fowili inazama mpaka ekseli kama dereva hajui kupunguza upepo wa tairi wala njia ngumu iko wapi, sasa ukwame huko juani na mama mzee, hapana jamani. Chukueni Bedui wa pale na pikapu yake, nyuma wamefunga mabenchi na turubai, jangwa lile ni kwao. Bei kawaida ni ya gari zima siyo ya kichwa, kwahiyo familia mnapata nafuu, mkubaliane tu kabla ya kupanda ni masaa mangapi na mtasimama wapi.

Tao la kwenu ni Um Fruth. Liko juu kama mita 15 hivi, pikapu inasimama chini yake kabisa, mama mkwe anakaa kivulini na chai yake na analiona lote bila kupanda hata hatua moja. Kupanda ni dakika chache ila kuna kipande kimesimama na mwamba wake unateleza, na kushuka ndo kugumu zaidi, kwahiyo wakati wa kushuka mtu mzima atangulie chini ya watoto. Kama ni wadogo sana waanze na lile tao dogo wanaloliita daraja dogo, liko mita 4 tu.

Tao la Burdah, lile linalopigwa picha sana, mita 35 juu, liacheni safari hii. Linakula nusu siku, kuna mahali watu wanafungwa kamba, bila mwongozaji sikushauri kabisa. Na majaketi msisahau, usiku wa mwezi wa 11 jangwani kwa mtu aliyezoea joto la Maskat ni baridi kweli, na mawingu yakikusanyika msiingie kwenye korongo la Khazali, maji yanashuka ghafla.

SWALI: Hivi hayo matao nani alitoboa? Na mbona sisi huku Iringa, pale Isimila, tuna nguzo za udongo tu? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Hakuna aliyetoboa. Mwamba ule ni mchanga ulioshikana, maji yanaingia kwenye nyufa, chumvi inaganda ndani na kusukuma chembe, zinaanguka moja moja na upepo unabeba. Sehemu inayobeba uzito chembe zake zinabanana zaidi, ndo hiyo inabaki juu kama tao. Mwamba wa Rum una umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, umekomaa, wakati Isimila ni tabaka laini za mchanga na udongo wa ziwa la kale, mvua inazikata wima na paa jembamba haliwezi kusimama muda mrefu. Ukienda pale usizipande zile nguzo, zinamomonyoka kirahisi mno.