Kilo 15 za kwenda kazini: maswali yenu kuhusu baiskeli za safari

Tangu niliposema kwamba mtu wa kwenda kazini kila siku ningemshauri anunue baiskeli ya safari ndefu, ile nzito ya chuma yenye keria na madigadi, maswali hayajakatika. Nimechagua machache, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Nakaa Kimara, Dar es Salaam, kazi yangu iko Posta. Kariakoo nimeona baiskeli ya safari ya mtumba, fremu ya chuma. Tumeiweka kwenye mzani: kilo 15. Jamaa zangu wananicheka, wanasema nichukue ya alumini yenye springi mbele. Nimsikilize nani?

Sikiliza hesabu, ndugu yangu. Tuseme wewe una kilo 75, na mkoba pamoja na chakula cha mchana ni kilo 5. Juu ya baiskeli ya kilo 15 jumla ni 95. Juu ya baiskeli ya kilo 10 jumla ni 90. Tofauti ni kama asilimia tano, na utaisikia hasa unapopanda. Chukua mlima wa kimo cha mita 50 na mtu anayekanyaga kwa nguvu ya wati 100, yaani bila pupa. Kilo 5 za ziada zitamchelewesha kama sekunde 25. Taa nyekundu moja pale Magomeni inakula zaidi ya hapo. Kwenye tambarare uzito huo karibu hauonekani. Kinachokurudisha nyuma ni upepo wa mbele na tairi ambazo hazijajazwa vizuri.

Halafu hiyo ya springi, mwombe muuzaji aipandishe kwenye mzani uleule. Springi za bei ya chini peke yake huzidi kilo 2, kwa hiyo usishangae baiskeli nzima ikisoma 14 au 15. Ukisimama kwenye pedali kupanda kurudi Kimara, sehemu ya nguvu zako inaishia kubonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu. Zikichakaa, mafundi wengi wa mtaani hawana vipuri vyake.

Swali lenye maana ni kilo zimewekwa wapi. Kwenye baiskeli ya safari zimekwenda kwenye mabomba ya fremu, kwenye gurudumu la nyuma lenye spoku 36, kwenye keria na kwenye tairi nene. Mabomba mawili yanayoshika gurudumu la nyuma ni marefu: kutoka katikati ya krenki (pale pedali zinapozungukia) hadi kwenye ekseli ni sentimita 44 hadi 46, wakati baiskeli ya mashindano ina kama 41. Kwa urefu huo kisigino hakigongi begi la pembeni, na wewe hukai juu kabisa ya ekseli, kwa hiyo shimo la barabarani halikupigi mgongo moja kwa moja. Ukifika ofisini na mgongo wa shati mkavu kwa sababu mkoba ulikaa kwenye keria, zile sekunde 25 utazisahau.

Inunue, ila kwanza soma nilichomjibu msomaji wa Temeke hapa chini.

Mimi ni mwalimu, Nzega. Nina Phoenix, shule iko kilomita sita, njia tambarare. Niiuze nitafute hiyo ya safari?

Usiiuze, mwalimu. Phoenix ni baiskeli ya safari tayari, imekosa gia tu, na kwa kilomita sita za tambarare gia utaitumia kupigia soga. Keria yake hubeba gunia la mkaa; madaftari ya darasa zima haiyahisi.

Udhaifu wake ni breki wakati wa mvua. Rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa mpira wa breki unateleza. Mvua ikianza, bana breki kidogo kidogo mapema ili mpira ufute maji, na acha nafasi kubwa mbele yako. Ukipata habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma yenye breki ya kukanyaga kinyume, mpe fundi aifunge. Breki hiyo iko ndani ya habu, mvua haiigusi. Hela ya kuongeza ielekeze huko.

Nimenunua tairi ya 26 kwa baiskeli ya 26 na haikuingia. Nimetapeliwa? (Morogoro)

Hujatapeliwa. Umeangukia mtego wa zamani, na kwa kuwa unawanasa hata wauzaji, nitalieleza hili kwa kirefu.

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi, 26 au 28, ni jina tu. Angalia ubavuni utakuta namba nyingine ndogo, kwa mfano 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokalia kwenye rimu, na hiyo ndiyo ya kufuata. Tairi ya 26 x 1.75 ya baiskeli za milimani ni 559. Tairi ya 26 x 1 3/8, inayokuja na baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani na zile za zamani za Uingereza, ni 590. Zote zinaitwa 26, na zinapishana milimita 31. Haziwezi kubadilishana hata ukipaka sabuni.

Kwenye 28 ni yaleyale. Phoenix na ndugu zake wa kiti kirefu wanavaa 28 x 1 1/2, ambayo ni 635. Baiskeli nyingi za safari kutoka Ulaya zinavaa 622, ambayo huandikwa 700C au 28 x 1 5/8. Na hizi za 29 zinazotamba siku hizi? Nazo ni 622, ila tairi zake ni pana zaidi. Kwa hiyo ukiwa na baiskeli ya safari ya 700C, tairi ya 29 iliyo nyembamba inaweza kukuokoa, ili mradi fremu ina nafasi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa 700C. Inapita mashimo kwa ulaini kidogo, nakubali. Lakini kipuri ambacho hakipatikani kinakulaza nyumbani. Mtu wa mkoani ningempa 559 bila kusita: tairi na tyubu zake zimejaa madukani kwa sababu ya baiskeli za milimani za mtumba, na gurudumu dogo lenye spoku nyingi hupinda kwa shida. Chagua upana wa milimita 44 hadi 50, tena zisizo na meno makubwa. Meno ni ya matope. Kwenye lami yanapiga kelele na kukuchosha bure. Na kama rimu inaruhusu, weka tyubu zenye valvu kama ya gari. Kituo chochote cha mafuta kitakujazia upepo, ila mwambie kijana aende taratibu: tyubu ya baiskeli ni ndogo na inajaa kwa sekunde chache.

Naishi Kikuyu na kazi iko katikati ya Nairobi. Asubuhi ni mteremko, jioni ni kilio. Huko kwetu pia uzito si kitu?

Huko kwenu uzito unaanza kuhesabika, sikatai. Kikuyu iko juu kuliko jiji kwa zaidi ya mita 300, kwa hiyo zile kilo 5 kwa wati 100 zitakugharimu si chini ya dakika mbili na nusu kila jioni. Bado si sababu ya kuacha keria nyumbani. Kinachokuliza ni gia.

Tafuta krenki yenye sahani tatu, za meno 48, 36 na 26, na nyuma sahani za kuanzia meno 11 hadi 34. Baiskeli nyingi za safari zimetoka kiwandani na mpango unaokaribia huo. Ukiwa kwenye 26 mbele na 34 nyuma, kwa gurudumu la 559 kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 1.6. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 5.6 kwa saa. Ni kasi ya mtu anayetembea kwa haraka, lakini umekaa, mzigo uko kwenye keria na magoti yanapumua. Baiskeli za mashindano hazina gia hiyo, na nyepesi isiyo na gia ya mlima utaisukuma kwa mikono.

Umeuliza pia kuhusu gia za ndani ya habu. Sturmey-Archer ya gia tatu ni chuma cha kuaminika, lakini gia yake ndogo ni asilimia 75 tu ya ile ya kati. Haitoshi mlima wako. Rohloff ya Ujerumani ina gia 14 na inatosha mlima wowote, tatizo ni bei, tena ikigoma fundi wako wa mtaa hataifungua. Baki na gia za nje, sahani 8 nyuma. Mnyororo wake ni wa bei nafuu na unapatikana.

Navaa baibui, natoka Fuoni kwenda Mji Mkongwe, Zanzibar. Baiskeli ya safari itanifaa?

Hapana, dada yangu. Bomba lake la juu litakusumbua kila unapopanda na kushuka, na mnyororo uko wazi ukisubiri nguo. Tafuta Kidachi cha mtumba, yaani baiskeli ya mjini ya Kiholanzi, fremu ya kike, mnyororo umefunikwa wote, gurudumu la nyuma lina kinga ya nguo na gia ziko ndani ya habu. Ni nzito kuliko hata ya safari, hufika kilo 18 au 20, lakini njia yako ni tambarare. Ule mfuniko wa mnyororo utakufaa mara ya pili: hewa ya chumvi huko inakula chuma kisichofunikwa.

Nikienda kukagua ya mtumba nitazame nini? (Temeke)

Ipindue kwanza. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na linapoungana na kichwa cha fremu, lile bomba fupi la mbele chini ya usukani. Ukisikia rangi imejikunja au kuna mawimbi, baiskeli hiyo iligonga kitu, iache. Kisha legeza bolti ya kiti na uzungushe nguzo yake. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya fremu ya chuma huganda kabisa, hasa pwani, na kuitoa ni kazi ya siku nzima na msumeno. Nguzo isiyozunguka ni ya kuombea punguzo kubwa, au uondoke.

Pima mnyororo kwa rula. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 mnyororo mpya unasoma milimita 304.8. Ukisoma 306 na nusu, mnyororo umekwisha. Ukisoma 308, umeshakula na sahani za nyuma, hivyo utanunua vyote. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu pale breki zinapobana: pakiwa pamebonyea kama sahani, rimu iko karibu kupasuka. Zungusha magurudumu, shika kila spoku mbili mbili uzibane, iliyolegea utaijua.

Mwisho tazama kama fremu ina matundu ya skurubu ya kufungia keria, juu na chini, na kwenye uma wa mbele pia. Fremu ya safari ya kweli inayo. Na ikitokea siku fremu imevunjika, usiipeleke kwa mchomea mageti. Mabomba ya chuma kizuri ni membamba, hayafiki milimita moja katikati, na moto wa umeme unayatoboa. Tafuta fundi wa gesi anayeunga kwa shaba.

Breki za diski au za rimu?

Unayoweza kuitengeneza mwenyewe. Diski hushinda kwenye mvua na hazili rimu, ila chukua za waya, si za mafuta. Kama baiskeli imekuja na za rimu na rimu ni za alumini, usihangaike kubadilisha. Kila wiki ya masika futa mchanga kwenye mipira ya breki, maana mchanga huo ndio unaokwangua rimu.

Ofisini hakuna pa kuiweka ndani. Wezi je?

Funga fremu pamoja na gurudumu la nyuma kwenye kitu kilichochimbiwa, kwa kufuli la chuma na si la waya. Badilisha zile ekseli za kufungua kwa mkono uweke za nati. Toa taa na pampu uondoke navyo. Na mlinzi wa getini mjue kwa jina, msalimie kila asubuhi, siku ya mshahara usimsahau na soda.