Taa ya kijani isikulaze

Wewe unayeanza kazi ya kuangalia seva, nikupe kisa kilichonifunza. Tulikuwa na tovuti ya kukata tiketi za mabasi. Kila dakika kipimo chetu kilifungua ukurasa wa mwanzo. Kikijibiwa 200, namba ya "sawa", taa ya kijani. Usiku mmoja taa ilikaa kijani hadi saa kumi na moja alfajiri, wakala wa stendi alipopiga simu: abiria wanalipa, pesa inakatwa, tiketi haitoki.

Nikaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski. Diski ya hifadhidata ilikuwa 100%, imejazwa na logi (faili za kumbukumbu za matukio) ambazo hakuna aliyepanga zifutwe. Hifadhidata ilisoma vizuri, ila kuandika haikuweza. Na ule ukurasa wa mwanzo Nginx, programu inayotuma kurasa kwa wateja, alikuwa akiutoa kwenye kache (nakala iliyohifadhiwa), wala haugusi hifadhidata.

Kwa hiyo pima anachofanya mteja. Siku hizi tuna anwani ya /afya: inaandika mstari mmoja kwenye hifadhidata, inausoma, inaufuta, kisha inaiuliza Redis, hifadhi yetu ya haraka ya data. Kimoja kikigoma, inarudisha 503, namba ya "huduma haipatikani". Ila huduma ya malipo ya kampuni nyingine usiichanganye humo, hasa kama kigawa mzigo, kinachosambaza maombi ya wateja kwa seva, kinategemea jibu hilo. Siku malipo yao yakikwama, kitaziona seva zako zote wagonjwa na kuziondoa, na hata anayetaka kutazama ratiba tu atakosa. Malipo yapime peke yake: muamala wa mwisho kuthibitishwa ulikuwa dakika ngapi zilizopita?

Diski itoe onyo ikifika 80%. Tazama pia df -i, maana vifaili vidogo vya seshoni za watumiaji humaliza inodi (kila faili hutumia moja) huku nafasi ikiwa tele.

Cheti cha https cha siku 90 kutoka Let's Encrypt huhuishwa na programu kama certbot bila wewe kukigusa, lakini Nginx asipopakia upya ataendelea kutoa kile cha zamani. Kwa hiyo soma tarehe ya cheti kinachotolewa kwa mteja, ukiwa nje ya seva, usiridhike na faili lililo ndani.

Wiki yako ya kwanza, mchana kweupe, zima Redis kwenye seva ya majaribio, uhesabu dakika hadi simu ya zamu iite. Sisi tulipojaribu, haikuita. Namba iliyosajiliwa ilikuwa ya mwenzetu aliyekwisha acha kazi.