Maswali na majibu: Kwa nini mwanafunzi wa Hanoi aende Seoul, asiende London?

Tangu tuliposema kwamba Waasia wengi siku hizi wanasoma kwa majirani zao, maswali yamekuwa mengi. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu safari hii.

Wavietnam na Wanepali wanaojaa Japani na Korea Kusini si ndio waliokosa nafasi Ulaya na Marekani? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, ndugu yangu, na dhana hiyo inawaonea vijana hao. Wengi wao hawakuwahi kuomba nafasi Ulaya, kwa sababu kazi wanayoitaka haiko huko. Samsung ina viwanda vikubwa Bac Ninh na Thai Nguyen, kaskazini mwa Vietnam, na kampuni nyingi za Kikorea zimeifuata. Kijana wa hapo akirudi na shahada ya Korea, na Kikorea anakizungumza vizuri, ana mahali pa kugonga mlango karibu kabisa na kwao. Shahada ya Manchester ni nzuri, lakini kwa meneja wa kiwanda hicho haina uzito uleule.

Upande wa pili ni wenyeji wenyewe: wanawahitaji wageni. Mwaka 2023 Korea Kusini ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke. Madarasa yanabaki matupu, hasa mikoani, na Wakorea wana msemo kwamba vyuo vitakufa kwa zamu kama micheri, miti yao ya maua, inavyochanua, kuanzia kusini, mbali na Seoul. Mwaka huohuo serikali yao ikatangaza lengo la wanafunzi 300,000 wa kigeni ifikapo 2027. Japani ilijiwekea lengo la idadi hiyohiyo mwaka 2008, ikalivuka 2019, na mwaka 2023 ikaweka lengo jipya la 400,000 ifikapo 2033. Kwa hiyo anayeomba nafasi anakuta mlango umeshafunguliwa na mtu mwenye shida zake.

Familia za kawaida zinalipaje? (Mama wa watoto watatu, Nakuru)

Mama, hapa ndipo panaponiuma. Japani humruhusu mwanafunzi mwenye kibali kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki, na saa nane kwa siku wakati wa likizo ndefu za chuo. Ndiyo maana ukiingia duka la saa 24 mjini Tokyo, anayekuhudumia mara nyingi ni Mnepali au Mvietnam anayesoma. Wengi huanza na shule ya lugha, kisha huingia chuo cha ufundi au chuo kikuu. Kwa kijana ambaye mzazi wake hawezi kutuma kitu kila mwezi, ruhusa hiyo ndiyo inayoamua aende nchi gani.

Lakini kabla ya safari kuna wakala, na wakala anataka chake. Familia hukopa, nyingine huweka shamba rehani, baada ya kuambiwa kwamba mtoto atalipa deni lote kwa kibarua huku akisoma. Saa 28 haziwezi kubeba ada, pango, chakula na deni kwa pamoja. Kijana anaongeza saa kwa siri, analala darasani, na akigundulika anaweza kunyimwa viza mpya. Anayempigia mzazi hesabu hiyo anajua kabisa kwamba haifiki. Huo ni unyonyaji, na siwezi kuuita jina jingine.

Nasoma Malaysia na darasani kwangu Wachina ni wengi. Wameacha vyuo vyao kwa nini? (Mtanzania, Kuala Lumpur)

Mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, gaokao, hufanywa na zaidi ya vijana milioni 10 kila mwaka, na nafasi katika vyuo vinavyoheshimika ni chache mno. Malaysia inawapa masomo kwa Kiingereza katika miji ambayo Kichina kinasikika sokoni. Tena kuna matawi ya vyuo vya nje: Monash ya Australia tangu 1998, Curtin, ya Australia pia, mjini Miri tangu 1999, Nottingham ya Uingereza tangu 2000. Shahada ni ya chuo mama, ila gharama ni ndogo kuliko Australia au Uingereza. Chuo Kikuu cha Xiamen cha China nacho kilifungua tawi huko mwaka 2016.

Wenzako wa Indonesia na Bangladesh wana sababu zao. Mwindonesia anaelewana na wenyeji kwa lugha bila shida kubwa, na Mwislamu hahangaiki kutafuta chakula halali wala mahali pa kuswali. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu kipo huko tangu 1983.

Na Singapore, ambako maisha ni ghali? (Msomaji, Kigali)

Serikali yao huwapunguzia wageni ada kwa mkataba: ukihitimu, unafanya kazi miaka mitatu katika kampuni iliyosajiliwa humo. Wengi walikwenda wakiitaka kazi hiyohiyo.

Je, ni jambo jipya? (Mwalimu wa historia, Tanga)

Hapana, mwalimu. Lu Xun, mwandishi mashuhuri wa China, alikwenda Japani mwaka 1902, na mwaka 1904 akaanza masomo ya udaktari katika mji wa Sendai hukohuko. Kuanzia 1905 Phan Boi Chau, mpigania uhuru wa Vietnam, alipeleka vijana wa nchi yake hukohuko, wajifunze namna ya kuwaondoa Wafaransa waliowatawala, hadi Japani ilipomfukuza mwaka 1909. Mahathir naye, aliyekuwa waziri mkuu wa Malaysia, mwaka 1982 aliamua nchi yake itazame Mashariki, na vijana wengi wakapelekwa Japani na Korea.

Binti yangu amepata chuo Korea kinachofundisha kwa Kiingereza. Kikorea kina haja gani? (Baba, Dar es Salaam)

Shahada anaweza kuipata bila Kikorea. Kupata kazi bila Kikorea ndiko kugumu, na huko atashindana na Wavietnam ambao wengi walianza kujifunza wakiwa kwao. Mtihani wa lugha, TOPIK, una ngazi sita. Aanze sasa, na usimlipe wakala yeyote kabla chuo chenyewe hakijawathibitishia nafasi hiyo moja kwa moja.