Rolo za tortila, nyama na chizi: shida ni maji, si oveni

Dada ameuliza mbona rolo zake zikitoka kwa oveni zimelowa chini na chizi yote imemwagika kwa trei, na sosi ya kuchovya aitengeneze na nini maana ile krimu chachu ya supamaketi ni bei. Wacha nimjibu kwa urefu juu hizi vitu nazipika sana, chama ikija kwangu Buruburu watu huulizia hizo kabla ya chai.

Dada, oveni yako iko sawa. Shida ni maji. Nyama ya kusaga inatoa maji, kitunguu kinatoa, nyanya ndio usiseme, sasa ukifunga hiyo yote ikiwa bado na mchuzi, mvuke unakosa pa kutokea na tortila inalowa kutoka ndani hata kama juu imeshika rangi vizuri. Kwa hivyo kazi kubwa iko kwa sufuria, kabla hata hujawasha oveni.

Nyama nachukua soko la Burma, nusu kilo ya steki, nasagiwa nikiona, na nakataa kuongezewa mafuta kwa sababu hayo mafuta ndio huchuruzika baadaye. Inatosha tortila kama kumi hivi za inchi 8. Chukua sufuria pana, moto mkubwa, mafuta kidogo tu, tandaza nyama halafu uiache, usikoroge koroge, ngoja maji yake yatoke na yakauke mpaka usikie sauti imebadilika, kutoka kutokota mpaka kukaanga kabisa. Hapo ndio inashika ile rangi ya kahawia, na utamu wote uko hapo. Sasa weka kitunguu, saumu, hoho ya kukatwa ndogo ndogo, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, paprika, pilipili manga na chumvi. Nyanya mbichi hapana, tumia ile nzito ya mkebe, vijiko viwili vya mezani, uikaange mpaka iwe nyekundu ya kuiva. Ukipitisha mwiko katikati ya sufuria pabaki pakavu, kusiwe na kitu kinarudi. Alafu iache ipoe kabisa, tafadhali, hata kama watoto wanalia njaa, manake nyama moto inayeyusha chizi ukiwa bado unafunga.

Chizi nachanganya, cheda ya ladha na mozarela ya kuvutika, gramu 200 zote pamoja lakini cheda iwe nyingi juu mozarela ina maji zaidi. Nunua kipande ukune mwenyewe, ile imekunwa tayari huwekwa wanga ndio isishikane, haiyeyuki laini vile.

Kuna mwenye alisema atumie chapati. Mimi chapati naipenda sana lakini ile ya kwetu ina tabaka na mafuta, kwa oveni ukingo unakauka na katikati inabaki nzito. Kama tortila za duka ni ghali, kanda unga wa ngano gramu 300, mafuta vijiko vitatu, chumvi, maji ya uvuguvugu, pumzisha nusu saa, sukuma nyembamba sana uchome kwa pani kavu bila mafuta. Unga wa ugali usijaribu. Kule Mexico mahindi ya tortila huchemshwa na chokaa kwanza ndio yasagwe, na hiyo ndio hufanya donge lishikane, unga wetu haujapitia hiyo kwa hivyo ukiukunja unapasuka tu.

Kufunga sasa. Pasha tortila kidogo ndio ikunjike, weka nyama karibu na ukingo mmoja, chizi juu yake katikati, uache kama sentimita 2 kila mwisho bila kitu, viringisha ukibana, mshono ukae chini. Chizi ikifika mwisho wa rolo lazima imwagike, hakuna dawa. Paka mafuta juu. Oveni iwe nyuzi 220 za Selsiasi na trei iwe ndani ikipata moto pamoja nayo, hiyo trei ya moto ndio inakausha chini, dakika 15 mpaka 18, na uziachie nafasi zisibanane. Stima ikipotea zipike kwa pani, moto wa chini, mshono uanze, usifunike.

Sosi nayo ni rahisi. Mimina mala, yaani maziwa yaliyochachushwa, kwa kitambaa safi, uweke kwa friji ichuje usiku mzima, asubuhi inakuwa nzito kabisa. Tia saumu jino moja ya kuponda, dania nyingi, ndimu, chumvi, na pilipili vile unaweza. Ukipata avokado ya Hass imeiva vizuri iponde humo ndani, ina mafuta yake mazuri na ile uchachu ya mala inaikata. Kwangu hiyo inashinda krimu ya duka, hata bei ingekuwa sawa.

Za kuweka ziweke kwa friza zikiwa mbichi, zikigandishwa unazitoa moja kwa moja mpaka kwa oveni na unaongeza dakika kama tano. Zenye zimeiva usizifungie kwa hotipoti ukingoja wageni, zitalowa zote, ziache kwa waya wa oveni mlango ukiwa wazi kidogo.