Lori la jeshi la mnada kwa kazi ya lobedi? Hesabu siku kwanza

Kaka, umeuliza mambo mawili kwa mkupuo: kama ununue lile lori la jeshi la 6x6 (magurudumu yote sita yanavuta) kwenye mnada ulifungie lobedi, yaani trela ya chini ya kubebea mitambo, na umtoze tajiri wa machimbo shilingi ngapi kwa kilomita kumpelekea ekskaveta yake kutoka Changamwe, Mombasa, hadi Jaribuni kule Kilifi. Walionitangulia kukujibu wamekutajia bei za kilomita, kila mtu na yake. Mimi kazi yangu ni kuhamisha mitambo hapa Pwani, na kwangu maswali hayo mawili ni moja. Unachouza ni siku za lori, na lori la jeshi ni bingwa wa kula siku.

Kwanza zile picha za mtandaoni za malori ya jeshi la Marekani kwa bei ya kutupa, zisahau. M923 na wenzake ni wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90, usukani kushoto. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ukilileta litakaa Kilindini likikulia ada za kuhifadhiwa mpaka ulitoroke. Bedford na Leyland DAF za Waingereza usukani uko kulia, lakini umri umeshazifungia nje. Limebaki lori ambalo tayari liko nchini na linauzwa na serikali kwa tenda au mnada, chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015.

Hapo nako karatasi ndizo zinazouma kuliko injini. Lori limeishi maisha yake yote na namba za jeshi, sasa wewe unataka namba za kiraia. Kabla hujaweka amana, soma namba ya chesi kwa macho yako uilinganishe na iliyoandikwa kwenye orodha ya mnada, kisha uulize ushuru. Gari lililoingia kwa msamaha wa ushuru likihamia kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa, na bei uliyoshindia mnadani haisemi lolote kuhusu deni hilo. Uliza pia una muda gani wa kuliondoa uwanjani baada ya kulipa. Linauzwa lilipo na lilivyo, maana yake hata betri zikiwa zimetolewa usiku wa kuamkia mnada, hiyo ni shida yako. Mfumo ni wa volti 24, kwa hivyo ni angalau betri mbili, si moja.

Siku ya kukagua usidanganywe na kilomita chache. Lori la jeshi husimama miaka, na kusimama kunaua kuliko kutembea. Inama kwenye tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho za ule msimbo wa pembeni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Unaweza kukuta kashata nzima kabisa, meno yote yapo, halafu ukipitisha ukucha ubavuni unazama kwenye nyufa. Tairi hiyo ukiipakia tani kumi juu ya lami ya Mariakani saa nane mchana, usisimame karibu nayo. Kisha fungua kifuniko cha mafuta ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli, uchovye kidole. Yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na 6x6 ina difu tatu na gia boksi ya kugawia nguvu, kwa hivyo utafungua mara nne. Mipira ya breki za upepo ikunje kwa mkono. Ikilia, hesabu mipya. Chesi igonge kwa nyundo ndogo pale karibu na mabano ya springi, kwani chumvi ya bahari huanzia pasipoonekana. Injini ndiyo hunipa wasiwasi kidogo zaidi, hasa ikiwa ni Cummins ya 6BT kama zile za Leyland DAF. Spea zake zipo, na mafundi wanaijua.

Tuseme lori ni zima. Bado swali ni kama linafaa kuvuta lobedi. Lori la kubebea askari lina ndoana nyuma, halina meza ya kukalia trela. Kuliwekea meza ni kazi ya chesi, breki na ukaguzi, si kuchomelea tu pale jua kali. Halafu nguvu. Ile M923 ya mwanzo, kwa mfano, ina Cummins ya lita 14 inayotoa nguvu za farasi takriban 240. Vichwa vya biashara, yaani malori ya kuvutia trela, unavyoviona vikipanda Mazeras vinavuta kwa farasi 400 na zaidi. Utapanda, sikatai, lakini utapanda na foleni ya matatu nyuma yako ikikutukania mama.

Sasa mzigo. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele inabeba tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, ekseli tatu za trela tani 24. Jumla 50, na gari lolote hata liwe na ekseli saba lisipite 56. Kichwa cha tani 9, lobedi ya tani 11 na ekskaveta ya tani 22 ni 42. Uko sawa kwa jumla, mradi umeipanga mashine isikalie ekseli moja. Lakini mpelekee buldoza ya D8 ya tani 38 na umefika 58, hiyo ni habari nyingine kabisa. Na lori la jeshi lenye tairi moja moja pana kila upande linaruhusiwa uzito mdogo kwa ekseli kuliko lenye tairi mbili mbili. Wengi hawalijui hilo mpaka wafike mizani.

Uzito si kitu pekee. Ekskaveta ya tani 22 ina upana wa karibu mita 3, na kikomo ni mita 2.65. Kwa hivyo kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, cha mzigo usio wa kawaida unakihitaji hata mizani ikikusifu. Kibali kina masharti yake: mchana, bendera nyekundu, gari la kusindikiza. Ndiyo maana safari hii ya Jaribuni, kama kilomita 70, si ya asubuhi moja.

Twende kwenye pesa. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Chukua gharama zote za mwaka ambazo zipo hata lori likilala: mkopo, bima, leseni, mshahara wa dereva na taniboi, kodi ya yadi. Tufanye 3,600,000. Usigawanye kwa 365, gawanya kwa siku ambazo lobedi inapata kazi kweli. Zikiwa 120, siku moja ni 30,000. Kazi ya Jaribuni, ukiweka kupakia, kusubiri karatasi, kusafiri, kushusha na kurudi mtupu, ni siku mbili: 60,000. Dizeli, ukienda na mzigo kwa kilomita moja na nusu kwa lita na kurudi mtupu kwa mbili na nusu, ni kama lita 75. Kwa shilingi 170 kwa lita ni 12,750. Tairi na sevisi, 40 kwa kilomita kwenda na kurudi, 5,600. Kibali na msindikizaji tuweke 15,000, posho 4,000. Umefika 97,350 kabla ya faida. Ongeza asilimia 20, ni kama 117,000.

Yule aliyekwambia utoze 300 kwa kilomita, kwenda na kurudi ni 42,000. Hata siku zako mbili haijalipa.

Na hapa ndipo lori la mnada linaporudi. Utasema, lakini langu ni rahisi, gharama yangu ya mwaka ni nusu. Sawa, 1,800,000. Ila likipata siku 60 tu za kazi kwa sababu nusu ya mwaka liko kwa fundi likisubiri sili ya habu kutoka ng'ambo, siku bado ni 30,000. Na likikwama njiani siku moja ya ziada, faida yako ya 19,000 na kitu imekwenda na 11,000 juu yake.

Kwa kazi hiyo, kodisha kichwa na lobedi ya mtu, weka faida yako juu ya bei yake, lala usingizi. Njia yangu ingekuwa Mariakani na Kaloleni, nisiingie daraja la Nyali wala foleni ya Mtwapa. Pita siku moja kabla na gari dogo uangalie nyaya zilizoning'inia vijijini. Mashine ipime mwenyewe kwa futi, soma kibati cha modeli. Tajiri atakwambia "ni ndogo tu hiyo", ufike ukute imefungwa nyundo ya kuvunjia mawe. Andikianeni: saa tatu za kupakia ni bure, zikizidi zinalipwa; njia ya ndani ya machimbo ikiwa tope la masika, winchi na tingatinga ni zake. Sehemu kubwa ya pesa iingie kabla minyororo haijakazwa.

Kama lile lori limekukaa moyoni na karatasi zake ni safi, linunue kwa kazi iliyolizaa. Lifungie tangi la maji au mtambo wa kuchimba visima, upeleke Kinango na Ganze kule ambako kichwa cha 6x4, kinachovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, kinazama mvua ya kwanza. Kule hakuna anayekushindanisha kwa kilomita, na mwenye kisima hulipa kwa siku bila kuulizwa.