Mama mwenye maumivu ya magoti na safari ya mto Nile

Ndugu, umeuliza kama mama yako wa miaka 74, mwenye maumivu ya magoti, ataimudu safari ya meli ndogo kati ya Luxor na Aswan, miji ya Misri. Naona ataimudu, kwa kuwa mto hauna mawimbi ya bahari, na hekalu la kale la Kom Ombo, ambalo meli husimama njiani, liko karibu kabisa na gati. Shida ni ngazi: dahabia, yaani mashua ya matanga yenye vyumba vichache, kwa kawaida haina lifti, ilhali meli kubwa zaidi hufungwa ubavu kwa ubavu, hata abiria akalazimika kupita ndani ya meli nyingine kabla ya kufika nchi kavu. Epukeni Juni hadi Agosti, kwani joto la Aswan hupita nyuzi 40. Januari atahitaji sweta jioni.