Kabla hujakopa ununue jenereta ya nyumba nzima

Juzi kaka mmoja wa Kimara alinitumia ujumbe: "Dada, umeme unatutesa, kazini wamenipitishia mkopo, nichukue jenereta ya nyumba nzima kama ya kwako?" Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa. Wanaoniuliza hilo ni wengi, na tuliojenga pembezoni mwa jiji la Dar tunawaza yale yale: nyumba imeisha, kisima kimechimbwa, sasa tumalizane na giza.

Jenereta ninayo na ninajivunia kuwa nayo. Niko Goba, nauza kuku wa nyama waliogandishwa, friza zangu tatu ziko stoo nyuma ya jiko na zikijaa zinabeba mtaji wangu wote. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, watu mtaani walikuwa wanagawa samaki kwa majirani kabla hawajaoza. Mimi sikutupa hata kipapatio.

Lakini nilipokuwa naamua kuinunua nilisemwa. Kwenye kikao cha familia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alisema mbele ya mama mkwe kwamba mwanamke akishika hela kidogo anatafuta kitu cha kupiga kelele ili majirani wajue. Nilinyamaza kwa heshima ya mama. Mume wangu naye alinyamaza, na hilo liliniuma zaidi. Mgao ulipokolea, shemeji huyo huyo alileta nyama ya shughuli yake, mifuko kwa mifuko, nikampangia kwenye friza ya katikati. Akaja kuichukua, akashukuru kwa ajili ya nyama, yale maneno hakuyagusa. Mpaka leo hayajanitoka. Nayaandika kwa sababu najua kuna dada anasoma hapa na hesabu zake za biashara zimeitwa majivuno. Dada, shika daftari lako, endelea.

Sasa kaka yangu wa Kimara. Wewe unafanya kazi ofisini, nyumbani una friji moja, taa, feni, televisheni na pampu ya kisima. Swali la kwanza ni hili: umeme ukikatika, kwako kinaharibika nini? Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inakaa na baridi yake kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Friji ya kawaida ni kama saa 4 mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo umeme ukikatika saa nane mchana ukarudi saa kumi, hata mimi mwenye friza tatu siwashi kitu. Nafunga stoo na ufunguo natembea nao, maana watoto wakitafuta barafu hiyo hesabu yote inavurugika.

Tena tutofautishe mgao na kukatika. Mgao unakuja pale nchi inapozalisha pungufu ya inachotumia, kama 2006 na 2011 tulipokaa gizani kwa sababu mabwawa yalikauka. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, kwa hiyo hofu ile ya mgao imepungua. Kinachotusumbua Goba, Kimara na Mbezi sasa hivi kwa kiasi kikubwa ni transfoma iliyozidiwa, tawi la mwembe juu ya waya, nguzo iliyolala baada ya mvua za masika. Hayo yanakula saa kadhaa, mara chache siku nzima. Mtu anayekopa leo kwa hofu ya 2023 ananunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Chukua daftari, mwezi mmoja tu, andika umeme umekatika saa ngapi na umerudi saa ngapi. Ukikuta ni saa mbili tatu kila unapokatika, hitaji lako ni betri ya lithiamu na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwashe vitu vya nyumbani. Betri ya kilowati-saa 5 inakubeba usiku mzima kwa taa, feni, friji na intaneti, haina moshi, haina kelele, na mtoto haamki.

Ukiwa na kinachooza, au mgonjwa nyumbani anayetumia mashine ya oksijeni, au vifaranga kwenye mashine ya kutotolesha, hapo tuongee jenereta. Na tuongee kwa vipimo. Duka la kwanza nililoingia, muuzaji aliniuliza swali moja: "Nyumba ina vyumba vingapi?" Nikamwambia. Akasema kVA 30, yaani ukubwa wa jenereta kwa kipimo chao. Hakuuliza nina pampu ya ukubwa gani, hakuuliza friza. Vyumba! Niliondoka. Nikamwita fundi mwenye klampumita, kipimo kinachosoma umeme unaopita kwenye waya, akaibana kwenye waya mkuu huku mimi nawasha kimoja kimoja. Friza zote, friji, taa na feni: ampea 6 na kitu. Kisha akasema, "Washa pampu, mama." Ni ya nguvu farasi moja tu. Namba iliruka ikapita 30, ikakaa kufumba na kufumbua, ikashuka hadi 13. Ule mruko ndio unaochagua jenereta. Pampu na kiyoyozi vinapoanza kuzunguka vinavuta umeme mara kadhaa ya vinavyotumia vikishatulia. Tulijumlisha, tukaongeza kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000, tukaacha hita ya kuogea na pasi, nikanunua kVA 10 ya dizeli, ambayo kwa kilowati ni kama 8. Nyumba nzima inawaka. Tunachofanya ni kutopiga pasi wakati huo.

Usidhani kubwa zaidi ni salama zaidi. Injini ya dizeli ikizungushwa muda mrefu na mzigo kiduchu haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa na ekzosi inaanza kutoa majimaji meusi. Mzee mmoja mtaa wa pili aliuziwa ile kVA 30, anawashia taa na televisheni. Kila nikipita naona ukuta wake umepakwa weusi, na naumia, maana ile ni pensheni ya mtu.

Na dizeli je? Ya kVA 10 kwa nusu ya mzigo wake inakunywa kama lita 2 kwa saa. Saa 12 za mgao ni lita 24 kwa siku. EWURA, wasimamizi wa mafuta na umeme, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zidisha mwenyewe, halafu ongeza oili, filta na fundi. Mimi kuku wananilipia. Wewe nani atakulipia? Mkopo wa kazini unakatwa kila mwezi, umeme ukiwepo au usiwepo.

Mahali pa kuiweka usimwachie fundi aamue. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini, kwa hiyo barazani hapana, stoo hapana, chini ya dirisha hapana. Dar upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili inatoka upande wa bahari, ndiyo maana yangu iko nyuma upande wa magharibi ili moshi uende mbali na nyumba. Magharibi yangu kuna jirani, basi bomba nikalipandisha juu, na nilimfuata kwake kabla sijamwaga zege. Ujirani wa Goba ni hazina.

Jambo la mwisho halina mjadala. Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa ule waya wenye plagi pande mbili. Umeme wako unatoka hadi kwenye transfoma, unapandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Huyo ni mtoto wa mtu. Weka chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, hata ya mkono, inayokutenga kabisa na laini ya nje, na eathi ya uhakika. Mwambie fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA kabla hajagusa meinswichi. Akinuna, mlipe nauli yake, tafuta mwingine.